Zilipendwa na Nani?

Mpe mwalimu wa sarufi neno "zilipendwa" alichambue, hatamaliza hata kikombe cha chai. Kuna zi- ya ngeli, inayosema ni nyingi. Kuna -li-, inayosema yamekwisha. Halafu kuna -w-, ile ya kutendwa, inayosema kwamba aliyependa yupo ila hatatajwa. Jirani zetu wa Kenya husema "zilizopendwa", na ile -zo- inaliacha neno likining'inia, likisubiri kuambiwa nyimbo hizo zilifanya nini baadaye. Sisi tumefunga mlango. Zilipendwa, nukta. Na nani, kwa bei gani, neno halisemi. Na anayelitamka karibu kila mara anamaanisha kinyume chake: anazipenda leo, pengine kuliko zote zilizotoka mwaka huu.

Ukiuacha Mtaa wa Msimbazi na mabasi yake ya mwendokasi, ukaingia Mtaa wa Congo siku ya kazi, masikio yako yanauziwa kila kitu kwa mpigo: spika inayorudia bei ya suruali za watoto, singeli inayokimbia kuliko mapigo ya moyo, kaswida, tangazo la dawa ya mende. Katikati ya vurugu hiyo, mahali usipoweza kupaonyesha kwa kidole, gitaa la solo linaanza kupanda taratibu, la ridhim linalijibu, na sauti mbili za kiume zinaingia pamoja kama watu waliozoeana. Watu hupunguza mwendo, na siyo wazee peke yao. Nimemwona kijana mwenye robota la mitumba begani akiitikia wimbo wa Marijani Rajabu neno kwa neno, hadi zile pumzi za katikati. Marijani alifariki Machi 1995. Kijana yule, kwa kumtazama, alikuwa hajazaliwa. Pengine hakujua pia kwamba Marijani ni mtoto wa hapohapo, mzaliwa wa Kariakoo wa mwaka 1955, na kwamba wimbo ule ulikuwa umerudi kwao bila kupiga hodi.

Hamu hii ina maelezo yake yaliyozoeleka. Uliza yeyote atakuambia: nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe, waimbaji walikuwa na adabu, vyombo vilipigwa na watu. Kuna ukweli wa kiasi ndani yake na nitaurudia. Kwanza nikiri langu. Mimi nami ni mgonjwa wa maradhi haya, na kumbukumbu yangu, nikiikagua vizuri, haina wimbo. Ina besi. Tulikaa chumba kimoja na ukumbi kwenye nyumba ya Kiswahili, na usiku wa Jumamosi dansi ilitufikia kwa mafungu: besi kwanza, kupitia ukutani; kisha matarumbeta, upepo ukiridhia; waimbaji hawakufika kabisa. Maneno niliyajua kwa redio. Kwa hiyo mtu akiniambia "ule ndio ulikuwa wakati, bwana", naitikia kwa kichwa huku nikijua kwamba wakati wenyewe niliusikia kitandani, nimevaa kaptula ya shule, mama akinihimiza nilale. Kiingilio kilikuwa pesa. Bia, ilipopatikana, ilikuwa pesa. Wengi wanaoisimulia dansi leo kwa machozi walikuwa upande wangu wa ukuta.

Tusidharau lakini hamu ya kitu ambacho mtu hakukiona, maana dansi yenyewe ilizaliwa hivyo. Dar es Salaam Jazz Band inahesabiwa kuanza mwaka 1932, Kariakoo ikiwa mtaa uliobeba jina la wapagazi wa vita, Carrier Corps ya Waingereza, ambalo midomo ya Waswahili ililinyoosha hadi likakaa sawa. Vijana wa mjini walikuwa wameshazoea matarumbeta na sare kwenye beni. Kisha zikaja santuri za Kuba, na rumba ikapigwa kwenye gramafoni mpaka sindano zikawa butu. Bendi zikajibatiza. Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba mjini Morogoro mwaka 1948. Kukawa na Kilimanjaro Chacha, na msururu wa akina Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, ambao kwa kadiri ninavyosikia hakuna hata mmoja aliyepiga jazz. Inasimuliwa kwamba Salum Abdallah ujanani alitoroka kwao ili apande meli aende Kuba, akaishia Mombasa. Akarudi Morogoro akaitengeneza Kuba yake hukohuko, yenye maneno ya Kiswahili na wacheza dansi wanaokwenda kazini Jumatatu. Wanaolalamika kwamba vijana wa siku hizi wanaiga ya watu wangeanza na yeye.

Hata uraia wa muziki huu una utata. Nyimbo nyingi ambazo Nairobi huziita zao ziliimbwa na watoto wa Tanga, wale ndugu Kinyonga wa Simba Wanyika na wenzao walioibuka baadaye na Les Wanyika. Na Dar tunajivunia Orchestra Maquis, waliotoka Kongo upande wa Lubumbashi, na Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu na kufika mjini hapa mwaka 1978. Leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Huo ndio uraia wa kweli: kondakta analitaja jina lako kila siku na hakuna anayeuliza ulikotoka.

Baada ya uhuru dansi ikapata mwajiri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi. Chama kilipobadili jina bendi ikabadili nayo, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na sasa imebaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mashirika yakafuata. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, mtindo wa Chakachua. Bima walikuwa na Bima Lee. Vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz. Polisi, magereza na jeshi nao wakawa na zao. Shirika la usafiri la jiji lilikuwa na UDA Jazz, mtindo wa Bayankata. Mabasi mjini yalikuwa haba miaka ile. Bendi hazikuwa haba.

Mwanamuziki wa bendi hizi aliajiriwa kama karani. Alikuwa na mshahara, mazoezi ya mchana yenye saa zake, na kiongozi wa bendi anayeandika nani kachelewa. Vyombo vilikuwa mali ya shirika: gitaa, ngoma, spika, mpaka nyaya. Akihama, anahama na koo lake tu. Nina dhana, wala siwezi kuithibitisha, kwamba ajira hiyo ni sehemu ya kile kinachotamaniwa bila kutajwa. Yule kijana wa robota hajawahi kuona barua ya ajira, na wengi anaowafahamu hawajaiona. Anaposikia gitaa lile linalokwenda bila haraka, anamsikia ndani yake mtu ambaye mwisho wa mwezi ulikuwa na maana kwake. Ule utaratibu wa kutokimbizana, wimbo wa dakika saba au nane unaochukua nusu yake kujitambulisha kabla ya kufika kwenye chemko, haukutokana na vidole peke yake.

Lakini angalia tarehe. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la umma la teksi na usafiri. Mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwaka huohuo ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na ulikuwa wa Nguvukazi, watu wasio na kitambulisho cha kazi wakizolewa mitaani na kupelekwa mashambani. Miaka inayotajwa kuwa kilele cha dansi ya Dar es Salaam ndiyo miaka ya foleni ya sukari, ya sabuni ya kugawiwa kwa kaya, ya unga wa njano ambao watu waliubatiza Yanga ili walau wapate la kucheka. Ukiwasikiliza mashabiki wa sasa utadhani watu walikwenda dansi wameshiba.

Sidhani kwamba dhiki ndiyo iliyotunga nyimbo. Dhiki haijui kutunga. Iliwaondoa washindani tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Redio ya nchi ilikuwa moja. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, kwa hiyo bendi zilikuwa zikienda kurekodi Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ukafungwa hadi 1983. Mbaraka Mwinshehe, aliyeipeleka Morogoro Jazz hadi maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, alifia Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979, upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Muziki wa kigeni nao ulikuwa umeshapunguzwa kwa amri: Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, na kabla ya hapo Operesheni Vijana ilikuwa imeshashughulika na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kwa hiyo mtu wa Ilala au Magomeni aliyetaka kusikia kitu usiku wa Jumamosi mwaka 1982 alikuwa na ukumbi. Hakuwa na kingine. Ukumbi ulikuwa televisheni, simu, gazeti la umbea na mahakama ya mavazi, vyote kwa kiingilio kimoja.

Tuje sasa kwenye ujumbe na adabu. Karibu kila tunachokiita zilipendwa kilipita Radio Tanzania. Bendi ilikwenda studio zake zilizokuwa barabara ya Pugu, na kabla ya kurekodi, tungo zilipitiwa. Zenye matusi hazikupita, wala zenye kejeli kwa wakubwa, labda mtunzi awe mjanja wa mafumbo, na wengi walikuwa. Remmy alipotoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu kutumia kondomu ukimwi ukiwa unateketeza familia, redio ya taifa haikuupiga. Ule nao ulikuwa na ujumbe, tena kuliko nyingi. Adabu tunayoisifu ni ya kitu kilichochujwa mara mbili, na redio kwanza, na miaka baadaye. Nyimbo mbaya za mwaka 1981 zilikuwepo nyingi tu. Hazikupata bahati ya kupendwa, basi tunadhani hazikutungwa.

Na ujumbe wenyewe usikilize vizuri kabla ya kumpa binti yako ausikilize. Mwanamke wa mjini ni mtego. Mke avumilie. Aliyeachwa alitaka mwenyewe. Wapo watunzi walioandika kwa huruma ya ajabu juu ya ndoa na ugumba na barua zisizojibiwa, na hao ndio tunaowaenzi, ila jukwaa lilikuwa la wanaume na wanaume ndio waliokuwa wakijadiliana. Mwimbaji kama Kida Waziri wa Vijana Jazz anakumbukwa sana kwa sababu ana haki ya kukumbukwa, na pia kwa sababu kuwahesabu wenzake hakumalizi vidole.

Redio ilirekodi, ikatunza, ikapiga. Mrabaha haukuwa sehemu ya mapatano. Santuri zilipotoweka yakaja maduka ya kurekodia kaseti, mengi yao Kariakoo: unapeleka kaseti tupu na orodha yako, unarudi jioni. Mwenye duka alilipwa, muuza kaseti tupu alilipwa, na mtunzi akapata sifa ya kusikika kila baraza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wengi wa wale iliowahusu wakiwa wameshazikwa au wameshaokoka. Cosmas Chidumule, moja ya sauti kubwa za Mlimani Park, alihamia nyimbo za injili.

Muhidin Gurumo alianza kuimba karibu na mwaka 1960. Alikuwa NUTA ilipoanza, alikuwa Mlimani Park ilipoanza, akarudi Msondo akazeekea hapo. Mwaka 2013 alitangaza kustaafu, na ikajulikana kwamba katika miaka yote hiyo, zaidi ya hamsini, hakuwahi kumiliki gari. Nchi ikasikitika kwa siku kadhaa, kama tunavyojua kusikitika. Diamond Platnumz, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwimbaji wa huo muziki unaoambiwa hauna ujumbe, akamnunulia gari dogo aina ya Toyota akamkabidhi hadharani. Gurumo alifariki Aprili 2014. Kila ninaposoma ubishi wa dansi na bongo fleva, nani ana maadili na nani hana, hulikumbuka lile gari. Miaka minne baada ya zawadi ile Diamond na wenzake wa WCB walitoa wimbo wa pamoja wakauita "Zilipendwa". Ulisikilizwa sana, nao sasa unaelekea kuwa kile ulichojiita.

Lililonifanya niandike hata hivyo siyo malipo. Ni jambo dogo nililoling'amua nikisoma magazeti ya zamani na kuwasikiliza wazee waliokuwa ndani ya ukuta, siyo nje kama mimi. Wanaposimulia Sikinde, yaani Mlimani Park kwa jina la mtindo wake, na Msondo, mipambano ile ya sikukuu, Idi au Pasaka, majina mawili ya ngoma za Wazaramo yakigombea mji mzima, hawasimulii nyimbo za zamani. Wanasimulia nyimbo mpya. "Siku ile Bitchuka alipotoka na ule wimbo." "Jumapili ile tulipousikia mara ya kwanza." Bendi ilipimwa kwa kipya ilicholeta. Wimbo ulipikwa mazoezini, ukaonjeshwa ukumbini wiki mbili tatu, mpiga solo akibadilisha hapa na pale kwa kuangalia miguu ya watu, na mpaka unafika redioni mji ulikuwa umeshaujua. Mwaka 1985 Hugo Kisima alipowachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Gurumo akiwa mmoja wao, akaunda International Orchestra Safari Sound, hakununua nyimbo walizokwisha kuimba. Alinunua zile ambazo hawajazitunga. Kwenye mji ule mwanamuziki alithaminiwa kwa yale ambayo bado yamo kichwani mwake.

Hata mtindo haukuruhusiwa kuzeeka. Maquis walikuwa na Kamanyola, halafu Ogelea Piga Mbizi. Vijana Jazz walibadilisha mitindo kama nguo mpaka wakafika Pamba Moto. Dar International ya Marijani ilikuwa na Super Bomboka. Kubaki na mtindo mmoja kulihitaji ubavu, na ubavu huo waliuonyesha Msondo na Sikinde peke yao.

Mpenzi wa dansi wa mwaka 1982, kwa maneno mengine, hakuwa akisikiliza zilipendwa. Angeambiwa aende ukumbini akasikilize nyimbo za mwaka 1942 angedhani unamtania. Alikuwa na suruali ya mtindo wa mwezi ule, alitaka wimbo wa wiki ile, na usipokuwepo alikuwa radhi kuvuka mji kumfuata mpinzani. Sisi tunaomtamani tunaonaje? Tunadhani tunamfuata kwa kuzirudia nyimbo zake, nyimbo zilezile thelathini au arobaini, miaka arobaini mfululizo. Kama yuko mtu mjini anayefanana naye, ni yule binti wa Manzese anayeijua singeli iliyotoka juzi na anayeicheka ya mwezi uliopita.

Simaanishi kwamba ya kale yatupwe. Kanda za rili za Radio Tanzania, maelfu yake, ni urithi, na zinaoza kama kila kitu kinachooza kwenye joto la Dar. Watu wamejitokeza kuzinusuru na kuzisambaza: kuna filamu ya "Wahenga" ya mwaka 2018, ya Amil Shivji na Rebecca Corey, kuna makusanyo yaliyotolewa Ulaya, kama ule mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa, yenye picha nzuri na maelezo ya kitaalamu, ambayo humkuta msikilizaji wa Paris kabla ya msikilizaji wa Buguruni. Kazi njema. Ila kanda haidai chakula, ndiyo maana ni rahisi kuipenda. Bendi inadai.

Na bendi zipo. Wageni hushangaa wakiambiwa. Msondo ipo, Sikinde ipo, wikendi hii watakuwa mahali fulani, kiingilio ni chini ya bei ya chipsi kuku. King Kikii aliimba mpaka uzeeni, na watu waliendelea kupunga leso hewani kila "Kitambaa Cheupe" ulipoanza, hadi alipofariki Novemba 2024. Ni kifo kilichopokelewa kwa heshima kubwa. Nilijaribu siku ile kuwakumbuka, miongoni mwa waliotuma rambirambi simuni mwangu, wangapi nimewahi kukutana nao ukumbini. Sikufika watatu.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kusikiliza moja ya bendi hizi, kwenye baa yenye uwanja wa saruji na viti vya plastiki. Tulikuwa kama sitini. Walipopiga za zamani uwanja ulijaa: mababu wenye raba nyeupe, wanawake wa makamo waliofunga vitenge kiunoni, vijana wanne watano waliokuja na simu juu. Mpiga domo la bata, mzee aliyekuwa amekaa kwenye kiti mpaka zamu yake ifike, alisimama, akapiga, akakaa tena. Kisha mwimbaji akasogea kwenye kipaza sauti, akashukuru, akasema sasa wanatupa wimbo mpya, umetungwa mwaka huu, unamhusu mtu aliyekopa kwa simu.

Uwanja ukafunguka kama mlango. Mababu walirudi kwenye bia zao. Vijana waliangalia kama video zimeingia. Mtu wa meza ya jirani, mwenye suti ya kaunda, akapaza sauti akaomba wimbo wa mwaka 1979, akautaja na jina la mtunzi na la mpiga solo, kwa uhakika wa mtu anayesema namba ya nyumba yake. Mwimbaji akatabasamu kwa adabu ile tunayoisifu, akaendelea na wake. Ulikuwa wimbo mzuri. Ulikuwa na sehemu ya pili iliyogeuka ghafla, magitaa matatu yakigombana bila kugusana, na kichekesho kimoja juu ya ujumbe wa deni unaoingia msibani. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisikiliza maneno. Tulikuwa tukisubiri ujumbe wa mwaka 1979.

Wiki iliyofuata nilipita Kariakoo kwa shughuli nyingine, nikasimama kwa kijana mwenye meza ya fleshi na memori kadi, ya aina inayokaa nusu barazani nusu barabarani. Akanisalimia shikamoo mzee, akaniwahi kabla sijauliza: ana fleshi imejaa zilipendwa, nyimbo mia nne, Marijani yupo, Mbaraka yupo, Maquis yupo, Sikinde zote. Nikamwambia nautafuta wimbo mpya wa bendi fulani, ule wa mkopo wa simu, umetoka mwaka huu. Akanitazama kwa huruma kidogo, kama mtu aliyekosea duka.

"Bendi hiyo ninayo, mzee wangu," akasema, "ila huo bado. Hiyo haijawa zilipendwa."

Nikanunua ile ya mia nne.